Kompyuta mpakato nafuu au ya kugeuza: Ipi itadumu Ololosokwan?

UAMUZI wa kununua kompyuta mpakato mjini huchukua saa moja ya kuzunguka madukani. Kwa familia ya wafugaji wa Ololosokwan, uamuzi huo huo huanza na swali gumu zaidi: ni mnyama gani atoke zizini?

Mtamba anayeuzwa leo asingebaki mtamba. Angezaa, angetoa maziwa, na thamani yake ingeongezeka. Kompyuta huenda kinyume cha hapo, kwani thamani yake huanza kushuka siku inapotolewa kwenye boksi.

Ndiyo maana ndugu aliyeko Arusha au Dar es Salaam, ambaye ndiye hutumiwa fedha hizo kwa simu ili anunue kwa niaba ya familia, hubeba dhamana kubwa kuliko anavyodhani. Akikosea, hakuna mtamba wa pili wa kusahihisha kosa, hasa kwa familia zilizopoteza mifugo katika ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliozikumba wilaya nyingi za wafugaji za kaskazini mwa Tanzania.

Makala hii inachambua njia mbili zilizo mbele ya mnunuzi huyo: kompyuta mpakato ya bei nafuu, na ile ya bei ya juu ambayo kioo chake hugeuka hadi ikawa kama kishikwambi. Inaeleza pia njia ya tatu, ambayo wengi huisahau.

KIJIJI KINACHOIJUA KOMPYUTA

Ololosokwan ni kijiji na kata katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Kwa kaskazini kinapakana na Kenya, na kwa magharibi kiko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, karibu na lango la Klein's.

Safari ya kutoka kijijini hapo hadi mjini Arusha, ama kwa kupitia Ngorongoro na Karatu au kwa upande wa Ziwa Natron na Mto wa Mbu, huchukua siku nzima. Kipindi cha masika huweza kuchukua zaidi.

Pamoja na umbali huo, teknolojia ya habari si ngeni Ololosokwan. Katikati ya miaka ya 2010, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) kwa kushirikiana na kampuni ya Samsung lilikifanya kuwa kijiji cha kidijiti. Mradi huo ulihusisha shule ya intaneti inayotumia nguvu za jua, huduma ya tiba kwa njia ya mtandao, jenereta ya jua pamoja na taa za jua.

Shule za aina hiyo, ambazo Samsung ilianza kuzionyesha Afrika Kusini mwaka 2011, ni kontena la urefu wa mita 12 lenye paneli za sola juu ya paa na vifaa vya kujifunzia ndani yake. Fundisho lake kwa mnunuzi ni moja: waliobuni mpango huo walianza na nishati, ndipo wakafikiria kompyuta.

Mwaka huo huo wa 2011, Samsung iliingiza katika soko la Kenya kompyuta ndogo ya NC215, iliyokuwa na paneli ya sola juu ya mfuniko wake. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, saa mbili za jua zilitosha kwa saa moja ya matumizi. Wazo lilikuwa zuri, lakini kompyuta za namna hiyo hazikuenea. Leo paneli huwekwa juu ya paa, na kompyuta hukaa kivulini.

MAJINA NA MAANA YAKE

Kompyuta mpakato imepata jina lake kutokana na kupakatwa, yaani kuwekwa juu ya mapaja kama mtoto. Ile ya bei nafuu ina umbo linalojulikana: kioo upande mmoja, kibodi upande wa pili, na bawaba zinazoruhusu kufungua na kufunga tu.

Kompyuta ya kugeuza ina bawaba zinazozunguka nyuzi 360. Kioo hurudi nyuma kabisa hadi kibodi ikawa chini, na mtumiaji akaigusa kwa kidole au kuandika juu yake kwa kalamu maalumu. Madukani huitwa zaidi kwa majina ya matoleo yake, kama vile Yoga ya Lenovo au x360 ya HP.

Ipo pia aina ambayo kioo huchomolewa kabisa kutoka kwenye kibodi. Hiyo ni nyepesi, lakini kibodi yake huwa laini na haikai vizuri mapajani, jambo linaloipunguzia jina la mpakato.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa toleo la Windows XP kwa ajili ya kompyuta za kuandikwa kwa kalamu, na kampuni kadhaa zikatengeneza mashine zenye kioo cha kuzungushwa. Zilikuwa nzito na ghali. Aina hiyo ilipata soko pana baada ya mwaka 2012, ilipotoka Windows 8 pamoja na Yoga ya kwanza.

Afrika Mashariki ilionja teknolojia hiyo kwa njia nyingine. Kompyuta ya XO, iliyobuniwa na mradi wa Nicholas Negroponte wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ilikuwa na kioo kinachozunguka na kulala juu ya kibodi ili isomwe kama kitabu. Iliweza pia kusomeka juani. Rwanda ilianza kuigawa katika shule zake za msingi mwishoni mwa muongo wa 2000.

Lengo la awali lilikuwa kila kompyuta iuzwe dola 100 za Marekani, lakini hadi uzalishaji ulipoanza mwaka 2007 gharama ilikuwa imekaribia dola 200. Hata mradi mkubwa wa kimataifa, basi, uligundua kuwa unafuu na ubora huvutana.

UMEME KWANZA

Kwa boma lililo mbali na nguzo za umeme, swali la kwanza ni kompyuta hiyo inakula umeme kiasi gani. Kasi yake hufuata baadaye.

Kuna njia rahisi ya kupima. Nyuma ya betri, au katika maelezo ya mashine, huandikwa uwezo wa betri kwa watisaa. Mnunuzi aigawe namba hiyo kwa saa ambazo betri imedumu kwa kazi ya kawaida. Betri ya watisaa 45 iliyodumu saa nne na nusu inaonyesha kuwa mashine inatumia wati 10.

Kompyuta mpya za bei nafuu zenye prosesa ndogo hufanya vizuri katika kipimo hiki, na nyingi za kugeuza pia. Zinazokula sana ni zile za zamani zenye prosesa kubwa, na zile za michezo.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayetumia mashine ya wati 12 kwa saa tano kwa siku. Mahitaji yake ni watisaa 60. Ikiwa umeme unapita kwenye inveta, sehemu yake hupotea njiani, hivyo ni busara kukadiria watisaa 75 hadi 80.

Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi watisaa 1,200. Kama ni ya asidi, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Hapo kompyuta hiyo haina tatizo, hata ikiwa taa na simu zinachajiwa humo humo.

Tatizo liko kwa familia zenye mfumo mdogo wa sola uliokusudiwa taa tatu na kuchaji simu. Mfumo huo hauwezi kubeba kompyuta yoyote kati ya hizi mbili. Anayeinunulia familia hiyo kompyuta bila kuuliza habari ya sola ananunua nusu ya kifaa.

Hapa kompyuta ya kugeuza huwa na faida moja ambayo wauzaji hawaitaji. Nyingi huchajiwa kwa tundu la USB-C, sawa na simu za kisasa. Hiyo ina maana kwamba chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha huweza kuichaji moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12, bila inveta, na upotevu ukapungua.

Hata hivyo, baadhi ya kompyuta nafuu mpya nazo zina uwezo huo, na si kila tundu la USB-C hupokea umeme. Jambo hilo lithibitishwe dukani kwa kuchomeka chaja na kuangalia kama alama ya kuchaji inatokea.

BAWABA, VUMBI NA FUNDI

Kiungo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote katika kompyuta ya kugeuza ni bawaba. Inabeba uzito wa kioo, inazungushwa kila siku, na ndani yake hupita nyaya nyembamba za picha. Ikilegea, kioo huyumba. Nyaya zikikatika, kioo huzima.

Kompyuta nafuu nazo huvunjika bawaba, mara nyingi kwa sababu zimefungwa kwenye plastiki nyepesi. Tofauti ni gharama ya kurudi katika hali yake. Kioo cha kawaida hubadilishwa peke yake. Kioo cha kugusa kwa kawaida hugandishwa pamoja na vioo vyake vya juu kama kitu kimoja, hivyo ufa mdogo wa juu hulazimisha kubadili chote.

Spea za matoleo yanayouzwa sana hupatikana kwa mafundi wa Arusha, Dar es Salaam au Nairobi. Za matoleo adimu huagizwa nje, na mwenye kompyuta husubiri. Kwa mtu wa Ololosokwan, gharama ya fundi ni lazima ijumlishwe na nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na siku za kazi zilizopotea.

Vumbi la kiangazi ni adui mwingine. Kompyuta yenye feni huvuta hewa pamoja na vumbi, na baada ya miezi kadhaa joto hupanda na kasi hushuka. Zipo kompyuta nafuu na za kugeuza zisizo na feni kabisa, na hizo zinafaa zaidi kwa mazingira ya vumbi, mradi mtumiaji hafanyi kazi nzito kama kuhariri video.

Begi lenye zipu, kitambaa cha kufunika kibodi na desturi ya kutoiweka juu ya blanketi wakati imewashwa ni vitu vidogo, lakini huongeza maisha ya mashine.

KIOO NA MWANGA WA JUA

Watu wengi hununua kompyuta ya kugeuza kwa kuvutiwa na kioo chake. Kwa kawaida ni kizuri kuliko cha kompyuta nafuu: rangi zake ni halisi zaidi, huonekana vyema kutoka pembeni, na mwangaza wake huwa juu.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti. Kompyuta nyingi nafuu huishia kwenye niti 220 au 250, ambazo zinatosha ndani ya nyumba lakini hushindwa nje. Za bei ya juu huanzia 300 na kuendelea.

Lakini kioo cha kugusa huwa kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Chini ya mti wakati wa mchana, mtumiaji huona uso wake na matawi kabla ya kuona maandishi. Kompyuta nafuu yenye kioo kisichong'aa wakati mwingine humshinda mwenziwe wa bei kubwa katika mazingira hayo.

Njia pekee ya kujua ni kuomba muuzaji aruhusu mashine itolewe nje ya duka kwa dakika mbili. Muuzaji anayekataa jambo hilo dogo ameshatoa jibu lake.

KASI NA HIFADHI

Jina la prosesa huwachanganya wengi, lakini kwa kazi za kawaida namba mbili ndizo za kutazamwa kwanza: kumbukumbu ya RAM na aina ya diski.

RAM ya GB 4 inawasha Windows 11, lakini mtumiaji akifungua kurasa kadhaa za intaneti pamoja na waraka mmoja, mashine huanza kusuasua. GB 8 ndicho kiwango cha kuridhisha kwa mwanafunzi na mwalimu.

Kuhusu diski, kompyuta za bei ya chini kabisa huwa na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Windows yenyewe hula sehemu kubwa, na baada ya masasisho machache nafasi huisha. Mbaya zaidi, hifadhi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiwezi kubadilishwa. Diski ya SSD ya GB 256 ni chaguo salama zaidi.

Kompyuta ya kugeuza kwa kawaida huwa na SSD, lakini nyingi zina RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Mnunuzi anayechukua yenye GB 4 kwa matumaini ya kuongeza baadaye huenda asiweze kamwe. Katika kompyuta nafuu zilizo nene kidogo, mara nyingi kuna nafasi ya kuongeza.

Suala la bando nalo lisisahaulike. Masasisho ya Windows huweza kumaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja. Kabla ya kuipeleka kijijini, ni vyema kompyuta isasishwe yote mjini, programu muhimu zipakuliwe, na mtandao wa simu uwekwe katika hali inayozuia upakuaji wa moja kwa moja.

NJIA YA TATU: ILIYOTUMIKA OFISINI

Kati ya nafuu mpya na ya kugeuza kuna kundi la tatu: kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, kama Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo na EliteBook za HP. Zilibuniwa kwa kazi za kila siku, bawaba zake ni imara, kibodi zake ni nzuri, na mafundi wengi wanazijua.

Tahadhari kubwa ni umri. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 inahitaji, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa chache sana.

Kizazi husomwa katika namba ya prosesa. Katika i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, yaani kizazi cha nane. Katika i5-6300U ni cha sita, na mashine hiyo haimo katika orodha. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 ikubali, lakini mnunuzi hana uhakika wa masasisho ya mbele. Anayetaka kuendelea na mashine ya zamani anaweza kutumia Linux, kama vile Ubuntu, ambayo hailipiwi.

Tahadhari ya pili ni kufuli la ndani. Baadhi ya mashine za ofisi huja na nywila ya mwenye mali wa kwanza katika mipangilio ya kuwashia, na fundi wa kawaida hawezi kuiondoa. Ya tatu ni betri, ambayo mara nyingi imechoka na itahitaji kubadilishwa.

Aidha, sokoni kuna Chromebook zilizotoka shuleni Marekani, nyingine zikiwa za kugeuza na za bei ya kuvutia. Kila toleo la Chromebook lina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, nayo huweza kutazamwa katika mipangilio yake. Isitoshe, hufanya kazi vyema zaidi penye intaneti ya kudumu, jambo ambalo si la kutegemea kila mahali Loliondo.

HESABU YA MWEZI

Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kuonyesha namna ya kukokotoa. Mnunuzi aweke bei alizozikuta dukani.

Tuseme kompyuta nafuu mpya inauzwa Sh600,000, itatumika miaka mitatu na kuhitaji matengenezo ya Sh100,000. Jumla ni Sh700,000. Ukigawa kwa miezi 36, gharama ni takriban Sh19,400 kwa mwezi.

Tuseme ya kugeuza ni Sh1,600,000, itadumu miaka mitano, na matengenezo ya kioo au betri ni Sh250,000. Jumla ni Sh1,850,000. Kwa miezi 60, gharama ni takriban Sh30,800 kwa mwezi. Ili ishuke hadi kulingana na ile nafuu, ingepaswa kudumu karibu miaka minane.

Iliyotumika ya Sh500,000, ikiongezwa betri ya Sh120,000 na kutumika miaka mitatu, hugharimu takriban Sh17,200 kwa mwezi.

Hata hivyo, hesabu hubadilika kama mtumiaji anahitaji kweli kioo cha kugusa. Aliyenunua kompyuta nafuu kisha akalazimika kununua kishikwambi cha Sh400,000 atakuwa ametumia Sh1,100,000 kwa miaka mitatu, yaani takriban Sh30,600 kwa mwezi. Hapo anakuwa amelingana na aliyenunua ya kugeuza, huku akiwa na vifaa viwili vya kuchaji.

Kwa hiyo swali la msingi si ipi ni bora, bali kama mtumiaji atakigusa kioo kwa kazi, au atakigusa wiki ya kwanza kisha asahau.

NANI ACHUKUE IPI

Mwanafunzi anayejiunga na chuo: kazi yake kubwa ni kuandika, kusoma, kutuma maombi ya mkopo na kufuatilia mambo ya chuo mtandaoni. Kompyuta nafuu yenye RAM ya GB 8, au iliyotumika ya kizazi cha nane na kuendelea, inamtosha. Fedha iliyobaki ni nauli, bando na ada. Anayesoma uchoraji, usanifu au hisabati nyingi ndiye ananufaika na kalamu.

Mwalimu: wengi wa walimu wa shule za umma waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Mwenye kishikwambi hicho tayari ana nusu ya kompyuta ya kugeuza mkononi. Anachokosa ni kibodi na nafasi ya kuandaa mitihani, ratiba na taarifa, au kujaza mifumo ya kiserikali kama PEPMIS. Kwake kompyuta nafuu ndiyo nyongeza ya busara.

Mhudumu wa afya au mratibu wa mradi anayezunguka maboma: huandika akiwa amesimama, huonyesha picha kwa watu watano kwa wakati mmoja, na huchukua saini. Ya kugeuza inamfaa, mradi ina kifuniko cha kuikinga na ofisi yake imeweka fungu la matengenezo. Akinunua kwa fedha yake mwenyewe, kishikwambi chenye kibodi ya Bluetooth huweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo.

Mwongoza watalii: anayeonyesha wageni picha za ndege na ramani ndani ya gari atafurahia kioo kinachogeuka. Lakini kioo kinachong'aa, vumbi na mtikisiko wa gari ni mtihani wa kila siku kwa bawaba.

Mtangazaji wa redio ya jamii: anahariri sauti. Anahitaji matundu ya kutosha kwa maikrofoni na flashi, pamoja na diski kubwa. Kompyuta nyembamba za kugeuza mara nyingi zina matundu machache. Iliyotumika ofisini inamhudumia vyema zaidi.

Mtendaji au kijana anayeshughulikia ramani za matumizi ya ardhi: katika eneo ambalo mipaka na matumizi ya ardhi vimekuwa hoja nzito kwa miaka mingi, ramani ni nyaraka ya maana. Programu ya QGIS, ambayo haina malipo, huhitaji RAM ya GB 8 au zaidi na kioo kipana. Inafaa kujua kuwa kompyuta nyingi, ziwe nafuu au za kugeuza, hazina kipokezi cha GPS. Vipimo huchukuliwa kwa simu au kifaa maalumu, kisha huhamishiwa kwenye kompyuta.

KABLA YA KULIPA

Yapo mambo ambayo ndugu wa mjini anapaswa kuyafanya kabla fedha haijatoka mkononi.

Kwanza, aulize boma lina sola ya wati ngapi na betri ya aina gani. Kama haitoshi, bei ya paneli iingie katika bajeti ya kompyuta.

Pili, awashe mashine, aichomoe kwenye chaja na aitumie kwa nusu saa. Betri iliyochoka hujionyesha mapema.

Tatu, kwa ya kugeuza, azungushe kioo mara kumi huku akikitazama. Kikizima, kikitetemeka au kikikataa kugeuza picha, aiache. Aguse kila kona ya kioo kwa kidole na kwa kalamu, kwani sehemu zisizosikia mguso huwa pembeni.

Nne, afungue mipangilio asome RAM, diski na namba ya prosesa kwa macho yake. Karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta huweza kuwa ya mashine nyingine.

Tano, adai risiti ya kielektroniki ya EFD yenye bei kamili, na dhamana ya maandishi inayotaja muda na nani analipia usafiri wa kuirejesha. Dhamana ya mwezi mmoja kwa mashine inayokwenda safari ya siku nzima ni fupi mno. Mashine itakuwa bado haijazoeleka.

Sita, anayevutiwa na bei za ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, akumbuke kuwa kufuata dhamana huko ni kuvuka mpaka mara nyingine, na kuwa bidhaa inayoingia nchini huwa na taratibu za forodha.

Saba, aiweke tayari kabla ya kuipeleka: masasisho, programu ya kuandikia, kinga dhidi ya virusi, vitabu vya masomo, na nakala ya nyaraka zote kwenye flashi ya akiba.

HITIMISHO

Kwa familia nyingi za Ololosokwan na vijiji vinavyofanana nacho, jibu linaegemea upande wa unyenyekevu: kompyuta ya kawaida, yenye RAM ya GB 8, diski ya SSD, inayotumia umeme kidogo, ambayo fundi wa kawaida anaijua. Ikiwa imetumika lakini ni ya kizazi kinachokubalika, si aibu.

Kompyuta ya kugeuza ina nafasi yake kwa mtu ambaye kazi yake inadai mguso na kalamu kila siku, mwenye umeme wa kutosha na uwezo wa kugharimia kioo kikivunjika. Kwa mtu huyo si anasa, na hesabu ya mwezi inamtetea.

Wahenga walisema rahisi ghali. Usemi huo ni wa kweli kwa kompyuta ya GB 4 na eMMC itakayoshindwa kabla ya mwaka kwisha. Lakini ghali nayo huweza kuwa ghali maradufu, pale inapolala kabatini ikisubiri kioo kutoka nje huku muhula wa masomo ukiendelea.

Mnunuzi aliyeuliza habari za sola, akasoma namba ya prosesa na kuzungusha bawaba kabla ya kulipa, atakuwa ameiheshimu jasho la wafugaji. Thamani ya mtamba aliyeondoka zizini itaonekana katika kazi ambayo mashine hiyo itakuwa imeifanya.